Wimbo Uliokatwa Majina

Jumatatu moja ya Februari 1993, saa nne asubuhi, redio ya Mama Jenny ilianza kuimba kwa sauti ya Angèle, na wanawake wote wa mstari ule wa nyumba katika kambi ya wafanyakazi ya Panda wakaacha kazi. Waliokuwa bombani wakatua ndoo. Mama Jenny, jirani wa nyumba ya tatu, akaitoa redio nje, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akaongeza sauti mpaka ikakwaruza.

"Mama Reine, njo weye huyo," akamwambia Angèle, kwa Kiswahili cha huko ambamo njo ni ndiye. "Shiye tunachota maji na weye kila siku, kumbe tunachota na vedeti wa redio."

Angèle akacheka, akajifunika mdomo kwa kitenge. Tusidanganyane: sifa ni tamu, na mwaka ule mji wa Likasi, Katanga, haukuwa na kitu kingine kitamu. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilifanya kazi siku mbili kwa wiki, zikizidi sana tatu, na sukari ilikuwa kitu cha kuwasimulia watoto. Katikati ya dhiki hiyo kwaya ya parokia, ambayo Angèle ndiye aliyeiongoza kwa sauti, ilirekodi kaseti, na kaseti ikafika redioni. Ngoma zilikuwa zinakimbia, vijana wanapiga makofi, na juu yao sauti yake inapanda: Yesu ni mwamba, Yesu ni nguvu. Adolphe, mume wake, alikuwa amekaa mlangoni akishona kiatu. Noti ya kwanza tu alisimama, akaingia ndani. Alifanya hivyo kila mara mke wake alipoufanyia wimbo ule mazoezi, na Angèle alidhani ni hasira za chakula kinachochelewa.

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akasema, "Ile njo wimbo ya asili yetu, wimbo ya bankambo yetu ba hapa Katanga. Bakubwa ba kwaya benyewe njo balituambia."

Hapo kicheko kilimkauka Angèle. Wakubwa hao wa kwaya walikuwa wawili, Clovis na yeye mwenyewe, siku walipopeleka kaseti redioni. Clovis, mwenyekiti, ndiye aliyesema wimbo ni wa mababu. Mtangazaji akamgeukia Angèle akamuuliza, "Ni kweli, mama?" Na yeye akajibu, "Ndiyo." Siku ile alijipa moyo kwamba ni neno dogo, na kwamba kwa hali ilivyokuwa hakuna mwenye akili zake ambaye angesimama redioni kutangaza kwamba wimbo wake umetoka kwa Wakasai, watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wanafukuzwa Katanga. Lakini alidanganya, na alijua kwamba amedanganya. Na sasa, huku Mama Jenny akimpongeza, aliwaza jambo moja tu: kule stesheni, ambako Wakasai waliofukuzwa walikuwa wanangojea treni chini ya maturubai, kuna redio pia.

Kwa miaka kumi na moja Angèle, Msanga, mwenyeji wa nchi ile, alitenganishwa na Henriette, Mkasai, kwa ukuta mmoja wa matofali, mwembamba hivi kwamba ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Henriette, ambaye kambini waliita Mama Sephora kwa jina la binti yake, aliishi na mume wake Kabongo na mama yake mzazi, Kaku Mbombo. Kaku ni bibi kwa lugha yao, na bibi huyo alikuwa wa mstari mzima. Hasa alikuwa wa Bertin, mtoto wa kwanza wa Angèle. Kwa desturi ya huko bibi humtania mjukuu wa kiume kuwa ndiye mume wake, na Kaku Mbombo alimchagua Bertin, ingawa hawakuwa damu moja. Adhuhuri mtoto alisimama mlangoni kwake na kusema, "Kaku, bwana yako iko na njaa." Bibi alilalamika kwamba ameolewa na mvivu, halafu akampakulia.

Bertin alikufa kwa malaria mwaka 1988, akiwa na miaka saba. Wazee wa ukoo hawakumruhusu Angèle kwenda makaburini, kwa sababu kwao mama hamziki mtoto wake wa kwanza. Alibaki chumbani, blanketi kichwani, na kilichomvusha wiki ile ni sauti ya Kaku Mbombo iliyotoka uani. Bibi alikuwa anaita kasala. Kasala, kwa watu wa Kasai, inasikika kama wimbo lakini kazi yake ni kuwaita watu: unamtaja marehemu na waliomzaa na waliowazaa hao, mmoja mmoja, ili asiende peke yake. Katika familia ya Kaku sehemu ya kwanza iliitwa uani na sehemu ya mwisho kaburini, udongo ukiwa bado wazi.

Baada ya hapo hakuna aliyemtaja Bertin tena. Watu walikuwa wakimwita Angèle Mama Bertin. Kwa huruma wakabadilisha, wakaanza kumwita Mama Reine, kwa jina la binti yake mdogo. Adolphe naye alinyamaza. Ni Kaku Mbombo peke yake aliyeendelea kupiga hodi ukutani kila asubuhi, "Mama Bertin, uliamka?" Kuna siku Angèle alikereka mpaka akajifanya hasikii. Na makaburini hakukanyaga tena, kwa msiba wa mtu yeyote. Uani alilia na wenzake, jeneza likitoka alibaki kuosha sufuria.

Likaja lile la 1992. Hatutalisimulia lote hapa, na waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba wakisema kila Mkasai arudi kwao. Henriette alizaliwa Panda, na Kasai hajawahi kuiona hata siku moja. Walitoka asubuhi moja na godoro, sufuria tatu na bibi aliyebebwa mgongoni. Angèle aliwaona dirishani. Alilia sana, hilo ni kweli. Kutoka nje hakutoka, na hilo pia ni kweli.

Nyumba haikukaa wazi wiki. Aliingia Clovis, mwenyekiti wa kwaya, na mke na watoto wanne, maana walikuwa wanalala katika jiko la kaka yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliupaka mlango rangi upya na aliwasalimia majirani vizuri, ila hakuweza kumwangalia Angèle usoni kwa muda mrefu.

Kwaya ilipoteza nusu ya sauti zake siku moja, kwa maana nusu walikuwa Wakasai. Parokia ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini, wageni wakubwa wangekuja, na Clovis alitaka wimbo mpya. Angèle alikumbuka sauti ile ya uani. Katika misiba ya kambini alikuwa ameisikia mara nyingi, na sehemu ya uani alikuwa ameishika yote. Aliiandika kwenye daftari, maneno na majina jinsi sikio lilivyoyashika.

"Majina mingi hivi ni ya nini?" Clovis akamuuliza. "Bantu batauliza ni ba nani."

Angèle akachukua kalamu, akakata majina moja moja, akaweka Yesu mahali pao. Tena aliona amefanya jambo jema.

Jumatatu ile, baada ya redio, alisonga bukari, ugali wa huko, akafunga sombe ya majani ya muhogo katika bakuli, akashuka mpaka stesheni. Henriette alikuwa kando ya behewa bovu, chini ya turubai la magunia. Mume wake na Sephora walipanda treni ya Desemba. Bibi hakuweza kupanda, kwa hiyo Henriette akabaki naye kungojea nyingine. Moshi na kikohozi vilikuwa vimemla Henriette sauti. Ilibaki ya kukwaruza tu, ukitaka kumsikia uiname.

"Tulisikia," Henriette akasema, kabla hata ya salamu.

"Mama Sephora, unisamehe. Baliniuliza, nikasema ndiyo."

"Ile ni woga. Bantu bote beko na woga, hata miye." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Haiko ile njo inaniuma. Ulikata majina."

Angèle akachuchumaa karibu naye ili amsikie. Alishika bakuli lake la sombe kwa mikono miwili.

"Nyumba mulibakia nayo, shiye mukatutosha, mukatutupa inje," Henriette akasema. "Wimbo vile vile. Sauti mulibakia nayo, bantu ba ndani mukabatosha. Nilikupa ile wimbo kwa ukuta miaka yote, sikukukataza hata siku moja. Ungeimba na bantu bake, miye ningefurahi hapa mu matope. Ningesema, angalau kasala yetu ilibakia Panda."

Angèle alitaka kusema kwamba nyumba hakuichukua yeye. Lakini wimbo ni yeye, kwa mkono wake na kalamu yake. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Chini ya turubai kitu kikasogea, na uso mdogo wa Kaku Mbombo ukatokea kwenye blanketi.

"Mama Bertin, njo weye?"

"Njo miye, Kaku."

"Ulitia ngoma mingi sana," bibi akasema. "Bankambo yangu ni bazee. Habawezi kukimbia vile."

Henriette, ambaye hakutaka kucheka, akacheka mpaka akakohoa tena. Wakala bukari wote watatu katika bakuli moja. Bibi alikula matonge mawili, akaegemea gunia na kusema wazi kilichokuwa moyoni mwake: treni hataiona, anajua, na kinachomsumbua ni kimoja. Sephora ameenda. Henriette hana sauti, na hata angekuwa nayo, kwao mtoto haiti majina ya mama yake, mtoto anaitikia tu. Sasa nani atamwita?

"Nitaingia mu udongo kimya, kama muntu asiye na bantu," akasema. "Mama Bertin, weye unajua sauti. Nitakufundisha majina."

"Mama, yee haiko wa kwetu," Henriette akasema taratibu, bila ubaya. "Kwetu anayeita ni mwenye iko na muntu yake ndani ya majina."

"Nani iko ndani, miye njo najua," bibi akasema, na akafumba macho.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi Angèle alishuka stesheni na daftari lake. Aliona aibu kulifungua, kwa sababu ya mistari ile ya kalamu. Bibi hakujua kusoma, lakini aliiona mistari na aliielewa. Hakusema kitu. Alianza kuwarudisha watu wake mmoja mmoja, na kila mmoja alikuja na mambo yake. Kapinga, mama yake, alikuwa mweusi sana na mwenye maringo, hakukubali kubeba mzigo kichwani kwa kuogopa kuharibu nywele. Ntumba alizaa watoto kumi, akazika saba, na bado alicheza ngoma. Kalala alikuja huku kwa miguu kutandika reli, akafa hapa hapa Likasi, mifupa yake iko chini ya mji huu unaowafukuza watoto wake. Tshibangu alicheka hata kanisani. Angèle alipokosea mpangilio bibi alimrudisha mwanzo.

"Umemupita Ntumba mu mulango, haukumusalimia. Anza."

Angèle akaanza upya. Siku ya tatu alikuwa akiwajua. Alipoimba wimbo ule katika kwaya hakumwona mtu yeyote machoni, aliona noti tu. Sasa kila jina lilikuwa na mtu, na mtu alikuwa na tabia, na wengine aliwapenda kuliko wengine. Aliona haya kwamba aliwahi kukubali kuwa hawana kazi.

Alhamisi jioni, mbele ya wanawake wa turubai la jirani, aliita majina tisa bila kukosea. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Inabaki moja," akasema. "Ile inaitwa kaburini tu. Utaipata siku utaita kweli."

Jumamosi saa sita mchana Kaku Mbombo alikufa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Henriette. Ruhusa ya kuzika ilitolewa kwa Jumapili saa tatu asubuhi, na si saa nyingine. Henriette alimwambia Angèle hilo. Hakumwomba. Wote wawili walijua kwamba Jumapili saa tatu ndiyo misa ya jubilei, na wimbo wa kwanza ni wa Angèle.

"Nitakuya," Angèle akasema. Alitembea polepole mpaka kambini, kwa sababu kusema ni rahisi. Kwenda makaburini ilikuwa jambo moja, kuita majina ya Kikasai kwa sauti mbele ya watu lilikuwa jingine, na yote mawili aliyaogopa.

Jioni Clovis aligonga mlango. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama Angèle, kesho bakubwa ba mukoa banakuya. Bote banangojea ile wimbo. Nitabaambia nini?"

"Ubaambie nilienda kuzika jirani."

"Jirani gani?" Clovis akauliza, ingawa alijua. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akajifuta jasho. "Unisikilize, mama. Ukiita ile majina inje, bale vijana batakuya kwako. Na kwangu pia batapita. Kila muntu anajua niko mu nyumba ya nani. Niko na batoto bane."

Angèle alimwonea huruma. Hakuwa anatafuta cheo, alikuwa anaogopa tu, na woga wake ulikuwa ule ule uliomwekea Angèle neno lile mdomoni redioni.

"Clovis," akasema, "weye na miye tulikamata vitu vya mama mumoja. Weye hauna pa kulala, sikuhukumu. Lakini miye sikukosa wimbo. Kuko nyimbo mingi. Ile ya zamani ya kuingia, hamuijui?"

"Redioni tulisema ni ya bankambo yetu."

"Tulidanganya."

Adolphe, ambaye muda wote alikuwa pembeni kama hayupo, akainuka, akatoka uani. Walimsikia akihamisha vyuma. Akarudi na beleshi mkononi, akaliegemeza mlangoni.

"Kesho saa kumi na mbili ninaenda kuchimba," akasema. "Kule stesheni banaume ba nguvu habakubakia."

Clovis akamwangalia, akaangalia beleshi, akasimama na kuaga. Angèle alimwuliza mume wake amepatwa na nini. Adolphe akamjibu kwamba bibi yule alimfanyia kitu, na deni lile si la kusimulia jioni. Akaenda kulala.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Makaburini walikuwa wanawake sita wa stesheni, wazee wawili, Henriette, na Adolphe ambaye udongo ulimfika magotini. Angèle alipita geti akiangalia chini. Kaburi la Bertin lilikuwa upande wa kushoto, aliambiwa hivyo miaka mitano iliyopita, na hakugeuza shingo. Nje ya uzio, barabarani, vijana wanne wenye marungu walikuwa wameuegemea wanatazama. Mmoja alikuwa Fidèle, aliyeimba besi katika kwaya yake mpaka mwaka jana.

Wakamshusha Kaku Mbombo ndani ya mkeka, maana mbao za jeneza hazikupatikana. Henriette akamwangalia Angèle. Kwa upande wa parokia ngoma za jubilei zilikuwa zimeanza.

Sauti ya kwanza ilitoka nyembamba. "Mbombo wa Kapinga."

"Iko," Henriette akaitikia, kwa ule mkwaruzo wake. Ndivyo wanavyoitikia: yupo, amefika.

"Kapinga wa Ntumba."

"Iko."

"Mama Reine," Fidèle akaita kutoka barabarani, na wenzake wakacheka, "weye pia ni Mukasai sasa?"

Angèle alimsikia. Alimwona pia Adolphe akiacha kuegemea beleshi na kulishika sawasawa. Lakini Ntumba alikuwa mlangoni, na hakupaswa kumpita tena.

"Ntumba wa Kalala," akasema, na safari hii aliachia sauti yake yote, ile iliyojaza kanisa. Hakukuwa na ngoma. Bila ngoma wimbo ulikuwa unatembea polepole, kwa mwendo wa wazee, na kila mmoja alipata nafasi ya kufika. Kalala wa reli, iko. Tshibangu mwenye kicheko, iko. Wanawake wa stesheni wakaanza kuitikia na Henriette. Barabarani wale vijana hawakucheka tena. Hawakuondoka, ila Fidèle aliweka rungu lake chini, labda kwa kuchoka kulishika.

Majina tisa yakaisha. Angèle akashusha pumzi na kumgeukia Henriette, akidhani sasa udongo utaanguka.

"Inabaki moja," Henriette akasema. "Aliniachia nikupe." Akajikaza, akaita mwenyewe kwa sauti yake mbovu: "Bertin, bwana ya Mbombo, mwana wa Angèle."

Hakuna aliyeitikia. Manyunyu yalikuwa yanapiga mkeka. Angèle alimwangalia Henriette, halafu mume wake, na akaona kwamba Adolphe analia wazi mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata Bertin alipokufa.

"Njo vile Kaku alimuita mutoto tukimuzika," Adolphe akasema. "Alimutia mu bantu bake, asiende peke yake. Na kila muntu wao aliyekufa kisha, hapa kaburini alimuita tena. Nilikuwa ninasikia kila mara. Wimbo yako ilipotokea bila majina, nilishindwa kuisikiliza. Nilishindwa pia kukuambia."

Miaka mitano. Miaka mitano mtoto wake alikuwa akiitwa na bibi wa watu wengine, pamoja na Kapinga wa maringo na Kalala wa reli, wakati yeye mwenyewe hakuthubutu kulitamka jina lake ndani ya nyumba. Naye alichukua kalamu akawakata wote, waliokuwa wakimshika mtoto mkono. Uchungu ulimpanda, na pamoja nao kitu kingine ambacho hakukijua tangu 1988, kama vile mtu amemfunulia blanketi kichwani.

Henriette alikuwa bado anangoja. "Jina ya mutoto, mama yake njo anaitikia," akasema.

"Iko," Angèle akasema. Haikutoka vizuri. Akageuza shingo upande wa kushoto, kule alikokataa kuangalia, akasema tena kwa sauti iliyofika barabarani. "Iko. Bertin iko."

Henriette akamshika mkono.

"Basi, Mama Bertin," akasema, "tumuzike Kaku."